Upande wa Awamu ya Nne

Siku ramani ya chuo ilipoletwa Mkunya kwa mara ya kwanza, Severina alivaa kitenge chake kipya na kufika uwanja wa shule kabla hata mabenchi hayajapangwa. Alikuwa na hakika moyoni kwamba siku ile kuna jambo jema linamjia yeye. Shamba lake ndilo lililokuwa bora upande ule wote: udongo mwekundu laini, mikorosho iliyoshiba, muhogo unaong'oka kwa mkono mmoja. Kama serikali imeamua kujenga chuo kikuu huku juu Newala, alijiambia, na wapimaji wamezunguka na vyombo vyao miezi na miezi, wataanzia wapi kama si kwake?

Ramani ilipigiliwa misumari kwenye ukuta wa darasa, pembe zote na katikati, maana upepo wa kule hauna adabu. Mtaalamu wa mipango alikuwa kijana mwembamba aitwaye Dastani, mwenye sauti ndogo iliyowalazimu watu kunyamaza ili wamsikie. Alieleza kwamba chuo hakitajengwa chote kwa mara moja. Kitakua kidogo kidogo, kwa awamu nne, na hiyo ya nne itafika wakati wengi waliokaa uwanjani pale watakuwa na wajukuu wa kuoa. Rangi ya chungwa ni awamu ya kwanza: madarasa, maktaba, ofisi, barabara kuu. Njano ni ya pili, bluu ya tatu. Kijani chenye mistari ni akiba.

"Akiba ya nini?" aliuliza Mzee Hamudi, mwenyekiti wa kijiji.

"Akiba ya chuo, mzee. Leo hatujui wanafunzi watakuwa wangapi huko mbele, wala watasoma nini. Tukijaza majengo kila mahali sasa, watakaokuja baada yetu watatulaani. Kwa hiyo eneo la kijani wenyewe mtaendelea kulilima, mazao ya msimu. Ila nyumba ya kudumu isijengwe, na mikorosho mipya isipandwe, mpaka mpango utakapopitiwa upya."

Severina alisogea mbele. Hakuwa mtu wa ramani, lakini aliitambua ile njia ya miguu iliyotenganisha shamba lake na la dada yake Paulina, na pembeni yake safu ya mikorosho aliyoipanda marehemu mama yao. Kushoto kwa safu palikuwa na rangi ya chungwa. Kulia palikuwa na kijani chenye mistari. Kulia ndiko kwake.

"Mtaalamu, hapa mmekosea," alisema, akigusa karatasi kwa kidole. "Huku kwa dada yangu ni mawe matupu. Hata mbaazi zinasusa."

"Ndiyo maana, mama. Jengo la ghorofa linataka ardhi ngumu. Udongo wako ni mzuri mno, tumeona tuuache mpaka mwisho."

Watu wakacheka, cheko lisilo na ubaya. Paulina aliyekuwa nyuma yake akamshika begani. "Si haba, mdogo wangu. Umebakiwa na shamba zuri."

Severina aliutoa mkono ule taratibu, kama mtu anayekwepa mkono wenye masizi.

Walikuwa watoto wa mama mmoja, Paulina wa kwanza, Severina wa mwisho, na katikati yao walizikwa wengine. Mama yao alipozidiwa aliwaita wote wawili kitandani, akamwambia Paulina achague kwanza upande wa shamba, kwa kuwa ndiye mkubwa. Paulina akachagua upande wa mawe. Mama akamuuliza kama amechanganyikiwa. "Mimi sina mtoto," Paulina alijibu. "Shamba zuri nitamlimia nani? Apewe huyu." Wakati huo Severina alikuwa amembeba Optatus mgongoni, mtoto wake wa pekee, na alilia kwa furaha na huzuni pamoja.

Tangu siku hiyo Severina aliishi kwa mambo mawili: ana udongo, ana mtoto. Mumewe alifariki Optatus akiwa bado anatambaa, lakini hata ujane haukumwondolea hayo. Mume wa Paulina alikwishaondoka zamani, kwenda kutafuta mke wa kumzalia. Kwa dada yake Severina alikuwa mwema, kwa ule wema wa mtu aliyenacho. Akichemsha ming'oko, vile viazi vya porini, alimtuma Optatus apeleke sahani ng'ambo ya njia, na sahani ile ilimfurahisha Severina zaidi ya aliyepelekewa. Kisimani watu walimwita yeye Mama Optatus. Dada yake waliendelea kumwita Paulina, Paulina tu, kama msichana asiyeolewa. Severina hakuwahi kusema neno juu ya hilo. Lakini kila aliposikia majina yale mawili yakifuatana, alijisikia amerefuka kidogo.

Chuo kikaanza. Matingatinga yaling'oa mawe ya Paulina, na majengo yakainuka palepale ambapo mbaazi zilisusa. Yeye akapewa kiwanja nje ya geti, kando ya barabara mpya, ng'ambo tu ya njia kutoka kwa Severina. Alijenga nyumba ya matofali yenye bati pana na mifereji inayoshusha maji ya mvua kwenye kisima cha chini ya ua, maana huku juu mtu asiye na kisima cha mvua hushinda na ndoo kichwani. Halafu wasichana wa chuo wakaanza kumbembeleza awapangishe, kwa kuwa mabweni yalikuwa machache, akaongeza safu ya vyumba mbele, kuelekea barabarani.

Mpangaji wa kwanza aliitwa Faidha, binti wa Kiislamu kutoka Tandahimba, aliyekuja kusomea ualimu. Wiki yake ya kwanza alishikwa na malaria kali. Paulina alikaa naye, akamkanda kwa kitambaa cha maji, akamlisha uji kama mtoto mchanga. Faidha alipopona akaanza kumwita mama. Wenzake wakafuata. Haukupita muda barabara nzima ikamjua kwa jina la Mama Chuo, hata dereva wa lori la mchanga, hata walinzi wa getini, hata Padri siku moja kwenye matangazo.

Severina alilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza akiwa shambani kwake, akipuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho. Sauti za wasichana zilivuka njia zikicheka: "Mama! Mama Chuo! Chumvi iko wapi?" Na sauti ya dada yake ikajibu kutoka ndani, bila haraka, sauti ya mwanamke aliyezoea kuitwa. Severina alizima mashine ya salfa, akasimama vumbi la njano likimtua kichwani. Nyumba angeweza kuivumilia. Bati na kisima pia, ingawa kwake maji yalikuwa ya kuhesabu kata. Lakini watoto? Hilo lilikuwa lake. Hilo ndilo lililokuwa lake peke yake.

Miaka ikaenda hivyo. Nyumba ya Severina ilikuwa ya udongo, na kwa amri ya mpango ikabaki ya udongo. Kila masika ukuta mmoja ulimomonyoka, akaukandika, mwingine ukafuata. Mikorosho ya zamani ilizeeka, mmoja mmoja ikakauka matawi, na hakuruhusiwa kupanda mingine badala yake. Vijana wa bodaboda wakaanza kupaita kwake Akiba. "Nishushe Akiba," watu walisema, kama vile ni jina la kituo. Yeye alilichukia neno lile kuliko tusi.

Kilichomuuma zaidi ni Optatus. Kijana alikuwa amekwenda Masasi kuendesha pikipiki, na akija Mkunya alimwamkia mama yake, akala, kisha akavuka njia.

"Unakwenda wapi tena?"

"Kwa Mama Mkubwa. Nichaji simu."

"Simu inachaji mpaka jua linazama?"

"Na mpira, mama. Kuna televisheni." Alicheka, kijana asiye na hila. "Twende wote. Mama Mkubwa anakuuliza kila siku kwa nini hupiti."

Hakupita. Alikaa mlangoni akimenya muhogo, akimsikiliza mwanawe akishangilia goli katika nyumba ya mwanamke mwingine.

Ikaja siku ya mahafali ya Faidha. Paulina alivuka njia asubuhi, amevaa gauni la kitambaa cha bluu, akamwalika mdogo wake waende wakakae pamoja. Severina alisema mgongo unamuuma. Lakini ngoma zilipoanza mgongo ukapona wenyewe, akaenda, akasimama nyuma kabisa ya watu, karibu na ua wa waya. Akawaona wazazi wa Faidha, waliotoka Tandahimba, wamekaa kwenye viti vya mbele, na dada yake katikati yao. Faidha alipoteremka jukwaani alienda kwa mama yake mzazi akampa mkono na kumbusu. Kisha akavua joho, akamvisha Paulina. Kofia na joho vyote. Mpiga picha akawasogeza, watu wakapiga vigelegele, na yule mama mzazi wa Faidha naye akapiga, bila kijicho, kicheko kimemjaa usoni.

Severina alishangaa: mwanamke huyu anagawanaje mtoto na bado anacheka? Akaondoka kabla ya chakula. Njiani alijikwaa, na akaona hata jiwe lile limetoka upande wa dada yake.

Haikupita miezi mingi, ikatangazwa kwamba mpango wa chuo unapitiwa upya. Dastani alirudi, safari hii na mvi za pembeni na kitambi kidogo, na akaomba kijiji kichague wajumbe watakaokaa na wataalamu. Mzee Hamudi akampendekeza Severina. "Huyu ndiye aliyekaa na ile Akiba muda wote," alisema. "Ana la kusema."

Severina alikwenda kwenye vikao vyote, akakaa mbele. Ajabu ni kwamba aliipenda kazi ile. Dastani alieleza kwa subira, na yeye alishika upesi. Alielewa kwa nini maktaba iliwekwa katikati na si getini: ili chuo kikikua pande zote bado iwe katikati. Alielewa kwa nini mabweni hayakuwekwa ukingoni, ambako uwanda unakatika na bonde la Ruvuma linaanza: kwa sababu korongo hula ardhi kidogo kila masika, na nyumba iliyo mbali leo itakuwa mdomoni mwa korongo wajukuu wakikua. Na alielewa mfereji mkuu. Kadiri majengo yatakavyoongezeka, Dastani alisema, ndivyo mapaa yatakavyomwaga maji mengi zaidi, na maji hayo yakikosa njia yatachimba mji wote wa Mkunya. Kwa hiyo kando ya barabara kuu kuliachwa ukanda mpana tangu mwanzo, usijengwe kitu, kwa ajili ya mfereji wa awamu ya pili. Sasa awamu ya pili imefika. Maji yatakusanywa, yatapelekwa kwenye bwawa, na kiangazi chuo na kijiji vitakunywa.

"Swali langu kwa wajumbe," Dastani alisema siku ya kikao cha mwisho. "Picha za angani tulizonazo ni za zamani. Ninyi ndio mnaoishi hapa. Kuna ujenzi wowote ulioingia ndani ya ukanda huu?"

Wajumbe wakatazama miguu yao. Wote walijua. Vyumba vya mbele vya Mama Chuo viliingia, na kisima chake kiliingia, na pembe ya sebule. Alijenga kwa kufuata alama za fundi aliyekosea, au aliyetaka kumfurahisha; hakuna aliyewahi kuuliza. Na kila mjumbe alikuwa na mpwa au jirani aliyewahi kula sahani ya wali pale.

"Upo," Severina alisema.

"Uko wapi, mama?"

Hakutaja jina. Aliinuka, akatafuta barabara, akatafuta geti, akaweka kidole. Alijiambia ni kwa ajili ya maji. Alijiambia mfereji ukizibwa Mkunya yote itaangamia, na hilo lilikuwa kweli kabisa, na ndiyo sababu lilikuwa rahisi kusema. Lakini kidole kilipogusa karatasi alisikia utamu chini ya ulimi, na aliujua utamu ule si wa maji.

Dastani aliandika. Mzee Hamudi akakohoa, akaomba kikao kifungwe.

Alama nyekundu ya X ilipigwa kwenye ukuta wa Paulina wiki iliyofuata. Alipewa muda wa kuhama, akautumia kuwatafutia wasichana vyumba vingine, mmoja baada ya mwingine, akiwasindikiza na magodoro yao kichwani. Tingatinga lilipokuja, alisimama ng'ambo ya barabara na kanga mabegani. Vyumba vilianguka, kisha sebule na nyumba yote vikafuata kwa sababu ukuta ulikuwa mmoja. Kisima kilipofukuliwa, maji yaliyobaki yalitiririka barabarani na watoto wa jirani wakayakimbilia na ndoo.

Jioni hiyo Paulina alivuka njia na mkeka na sufuria mbili.

"Mdogo wangu, sina pa kulala."

"Karibu, dada," Severina alisema. Angeweza kusema nini kingine?

Hapo ndipo adhabu yake ilipoanza, kwa sababu wasichana walikuja. Severina alidhani nyumba ikianguka na umama utaanguka pamoja nayo. Kumbe waliujua mlango mpya kabla wiki haijaisha. Waliingia ua wa udongo na vitabu vyao, wakaleta madumu ya maji yaliyofungwa kwenye baiskeli, wakaleta sukari, wakakaa kwenye magogo ya mikorosho iliyokauka wakimsimulia Paulina mambo ya walimu na ya wachumba. Faidha, ambaye sasa alikuwa anafundisha sekondari Newala mjini, alikuja kila Jumamosi. Na wote walipopita mbele ya Severina walipiga goti kidogo: "Shikamoo, mama mdogo."

Mama mdogo! Ndani ya ua wake mwenyewe, kwenye ardhi ambayo mama yake alimwachia kwa sababu yeye ndiye aliyezaa. Alijibu marahaba kwa midomo. Alimtazama dada yake, aliyepoteza kila kitu, amekaa kwenye kigoda kilichovunjika mguu, binti mmoja akimsuka nywele na mwingine akimpulizia jiko, na akaona kwamba bado anamwonea wivu. Sasa hapakuwa na bati la kulisingizia.

Paulina hakuuliza nani aliyesema. Alilima naye, akaokota korosho naye, akabeba maji naye. Mara nyingine Severina alitamani aulize, ili agombe, ili pawe na kelele.

Jibu likaletwa na Dastani bila kukusudia. Alikuja mwenyewe kwa miguu, ramani mpya imeviringishwa kwapani, akawakuta dada wawili wakibangua korosho uani. Alikuwa na habari njema. Chuo kimeamua kujenga kwenda juu badala ya kutanuka pembeni. Ghorofa zitaongezwa kwenye ardhi ya mawe. Awamu ya nne imepunguzwa. Shamba la Severina limetolewa kwenye akiba. Anaweza kujenga, anaweza kupanda mikorosho, ni lake moja kwa moja.

"Na nikushukuru, mama," aliongeza, akiinuka kuaga. "Siku ile ya kikao ungenyamaza kama wengine, tungechora mfereji bila kujua kuna nyumba njiani. Uliokoa kazi ya miaka mingi. Si wengi wangeionyesha nyumba ya ndugu yao."

Aliondoka akipiga mluzi. Paulina alibaki na korosho moja mkononi. Alimaliza kuibangua, akaiweka kwenye ungo, akajifuta vidole.

"Ulikuwa wewe," alisema.

"Dada, maji yangeharibu—"

"Maji najua. Ungeniambia mimi kwanza. Ningebomoa mwenyewe, ukuta kwa ukuta, nikaokoa bati langu na milango yangu." Sauti yake haikupanda. "Hukuniambia mimi. Uliwaambia wao."

Asubuhi alikunja mkeka, akapanda basi la Masasi. Kutoka pale akaenda Lukuledi, kwa mama yao mdogo, Mama Silvesta, bibi aliyekuwa akiishi karibu na misheni.

Ua ukanyamaza. Wasichana walikuja mara moja, wakaambiwa Mama Chuo amesafiri, wakarudi. Faidha alikuja Jumamosi, akasimama mlangoni, akamwangalia Severina usoni, akaacha kilo ya sukari juu ya kinu. Severina alikuwa na shamba lote sasa, huru, bila rangi wala mistari, na alizunguka ndani yake akijaribu kuchagua pa kujenga. Kila alipochagua aliona kwamba anachagua kwa kutazama ng'ambo ya njia, aone nyumba itaonekanaje kutoka kwa Paulina. Na ng'ambo ya njia hapakuwa na mtu wa kutazama. Kulikuwa na mfereji mpya wa zege, mpana, bado mkavu.

Alivumilia mpaka mvua za kwanza. Maji yakaja kama Dastani alivyosema, yakajaa mfereji, yakapita yakinguruma kuelekea bwawani, na Mkunya haikuchimbika hata shimo. Watu walisimama kando wakishangilia. Mzee Hamudi akamwambia, "Mama Optatus, ulisema kweli." Alitegemea maneno hayo yangemponya, lakini hayakumponya. Alirudi nyumbani, akafunga kanga mbili kwenye mfuko, akampigia simu mwanawe.

Optatus alimpokea Masasi, akampakia kwenye pikipiki mpaka Lukuledi. Walipoliona kanisa akapunguza mwendo. "Mama, mimi nilijua ni wewe tangu siku ilipopigwa ile X. Mama Mkubwa hakutaka kuamini. Mimi nilijua."

"Ulijuaje?"

"Nilikuona unavyotazama televisheni yake kutoka kule mlangoni kwako."

Paulina alikuwa uani kwa Mama Silvesta, akianika makopa ya muhogo juu ya turubai. Severina alipiga goti mbele yake, ingawa walipishana miaka michache tu.

"Shikamoo, dada."

Paulina aliendelea kugeuza makopa. Marahaba haikuja. Mama Silvesta aliguna kutoka kivulini, "Nnungu wangu, watoto wa marehemu hawa," akajikongoja kuingia ndani, akimvuta Optatus amfuate.

"Nimekuja kukuchukua," Severina alisema.

"Unichukue unipeleke wapi? Kwenye nyumba yako, wasichana wangu wakija uvimbe shingo?"

Severina alikuwa ameandaa maneno mengi ya mfereji na ya sheria; akayaacha yote.

"Walikuita mama," alisema mwishoni. "Mimi nilikuwa na hilo tu, dada. Nikaona na hilo umelichukua."

Paulina aliacha makopa. Alimtazama mdogo wake kwa mshangao, kama anamwona mgeni. "Na mimi niliyekaa miaka yote nikisikia Mama Optatus, Mama Optatus, mpaka kisimani? Ulipomtuma yule mtoto kwangu na sahani, ulidhani sikujua sahani ile ilikuja kusema nini?" Akatikisa kichwa. "Lakini sikuwahi kumnyooshea mwanao kidole, Severina. Tofauti yetu ni hiyo."

Hapakuwa na kilio wala kukumbatiana. Paulina alitaka siku mbili za kufikiri, na Severina akalala kwa Mama Silvesta akisaidia kuchota maji. Siku ya pili dada yake alimpa masharti, akiwa amesimama, kanga kiunoni, kama mtu anayepanga kazi ya shamba.

"Nitarudi. Lakini silali kwako. Utanikatia kipande upande wa njia, kwenye ule udongo mzuri, si pembeni kwenye visiki. Utakizungushia minyaa ya mpaka mwenyewe kwa mikono yako, ukoo wote ukiona, kiwe changu. Nyumba yangu itaingia ndani mbali na mfereji. Na nafasi ya vyumba iachwe tangu sasa, hata kama vitajengwa nikiwa bibi kizee, nisije nikabomolewa tena. Mlango wangu hautatazama wako."

"Kwa nini usitazame wangu?"

"Ili usihesabu wanaoingia."

Severina alikubali yote. Alipanda minyaa, mche kwa mche, mgongo ukimuuma kweli safari hii, na Optatus akachimba msingi. Dastani alipita akasaidia kupima, akasema ni jambo zuri kuacha nafasi ya mbele. Paulina akamjibu kwamba hilo alijifunza kwa gharama.

Nyumba mbili zikasimama, ya Severina ya matofali pia, bati kwa bati, na kisima kimoja kikubwa cha mvua katikati walichokubaliana kukitumia wote. Wasichana wakarudi. Mahusiano ya dada wawili hayakurudi yalivyokuwa. Walisaidiana kazi, walikwenda kanisani pamoja, lakini Paulina aliacha kumwita mdogo wangu. Alimwita Mama Optatus, kama watu wengine.

Jumamosi moja Faidha alikuja na mtoto wake wa kwanza, mchanga wa wiki chache, amefungwa kwa shali nyeupe. Alipita mlango wa Severina bila kusimama, akazunguka mpaka upande wa pili, na vigelegele vikasikika kwa Paulina. Severina alikuwa jikoni. Wivu ulipanda uleule, na yeye hakujidanganya kwamba ni kitu kingine. Alichochea moto, akabandika sufuria ya chai, akakaa kwenye kigoda akisikiliza vicheko vya upande ule. Chai ikachemka, ikatulia, akaibandika tena.

Baada ya muda mrefu Faidha akatokea mlangoni, mtoto mikononi.

"Shikamoo, mama mdogo. Mama amesema usinywe chai peke yako. Mshike huyu, nikachukue vikombe."

"Marahaba," Severina alisema, akafuta mikono kwenye kanga, akampokea.